Mtihani Umehama, na Mzazi Hajaambiwa

Nataka kusema neno juu ya jambo linalotutaabisha sisi walimu wa shule za msingi za Kenya, na ambalo linawaumiza watoto wa wazazi wengi pasipo wazazi wenyewe kujua. Najua kwamba baadhi ya walimu wenzangu hawatapendezwa na maneno haya. Na wasipendezwe, lakini wayasome.

Mwisho wa muhula mmoja, watoto wawili wa darasa langu la gredi ya tano, wote wa kijiji kimoja hapa Taita, walikwenda kwao na ripoti. Mmoja ni msichana, naye alikuwa na EE katika Hisabati na EE katika Kiswahili. Wa pili ni mvulana alelewaye na babu yake, naye alikuwa na AE karibu katika kila somo. Shule ilipofunguliwa, mvulana alikuja na viatu vipya vinavyong'aa. Msichana alikuja kimya. Nalimwuliza mara mbili kabla hajanijibu, kisha akasema kwamba baba yake alimchapa, akamwambia hatamnunulia tena daftari la ziada wala kitabu cha hadithi, maana ni hasara kutumia fedha kwa mtoto apataye E.

Msomaji ambaye si mwalimu pengine hajaona kosa liko wapi, na kama hajaliona, basi ndiyo maana naandika. Herufi hizi ni vifupisho vya maneno ya Kiingereza. EE maana yake mtoto amezidisha matarajio, yaani amefanya kupita alivyotazamiwa. Hakuna daraja iliyo juu yake. ME ni kufikia matarajio. AE ni kukaribia matarajio, yaani bado hajafika. BE ni kuwa mbali na matarajio. Basi yule msichana alichapwa kwa kufanya vizuri kuliko wote, na yule mvulana alivishwa viatu kwa kuwa bado hajafika.

Nalikwenda kwa baba wa msichana siku ya Jumamosi. Si mtu mkali, wala si mjinga. Alimaliza kidato cha nne, naye cheti chake cha KCSE amekihifadhi katika mfuko wa plastiki juu ya kabati. Alinitolea akanionyesha. Katika cheti kile A ndiyo ya juu na E ndiyo ya mwisho kabisa, na kila mtu aliyesoma katika nchi hii tangu miaka ya themanini ajua hivyo. Akaniambia, "Mwalimu, mimi nilisoma kama nilivyofundishwa kusoma." Sikuwa na jibu. Alisoma sawasawa, sisi ndio tuliobadili maana ya herufi, tukampelekea karatasi, wala hatukumtuma mtu kumwambia.

Kwa babu wa mvulana mambo yalikuwa mazito zaidi, maana mzee alikuwa amefurahi. Aliniamkia kwa heshima akanikaribisha kiti, akaniambia, "Mwalimu, mwanangu, nimeona A nyingi. Huyu mtoto wa marehemu atatuinua." Nalikunywa chai yake nikaondoka bila kumwambia. Najua nalikosa, na neno hili nitalirudia mbele.

Sasa, yafaa mzazi ajue kwanza mtihani wa zamani ulikuwa nini, asije akadhani kwamba limebadilika jina tu. Tangu siku za Waingereza mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ulikuwa chekeche. Nafasi za kuendelea mbele zilikuwa chache na watoto walikuwa wengi, na kazi ya mtihani ilikuwa kuwaacha wengi nje ili wachache waingie. Kwanza kulikuwa na KAPE, baadaye tukapata CPE ya darasa la saba, na mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ukaleta darasa la nane na mtihani wake, KCPE. Jina lilibadilika, na tundu za chekeche ziliongezeka, lakini chekeche lilikuwa lile lile. Hata serikali ilipoagiza kwamba tangu 2018 kila mtoto aliyefanya KCPE aingie kidato cha kwanza, alama 500 zile bado zilichagua nani aende shule kubwa ya kitaifa na nani abaki katika shule ya kutwa karibu na kwao. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, watoto zaidi ya 1,400,000 wakaiandika, kisha mlango ukafungwa.

Mimi ni mtoto wa KCPE. Naliifanya katika chumba chenye madirisha ya wavu, na aliyeketi dawati la mbele yangu alikuwa ndiye aliyetushinda sote kwa miaka mitatu mfululizo. Siku ya pili homa ya malaria ilimshika. Alitetemeka juu ya karatasi ya Sayansi hata kalamu ikaanguka, msimamizi akaiokota akamrudishia. Alama zake ziliporudi zilikuwa chini ya zangu kwa zaidi ya themanini, nami nikaenda shule ya bweni, yeye akaenda kufunga mizigo ya makonge. Nyumbani kwetu walifanya karamu. Sijapata kuila karamu nyingine yenye uchungu kama ile.

Basi tangu 2022 iko KPSEA, mwishoni mwa gredi ya sita. Kwa macho yafanana na ile ya kwanza: ni siku tatu, karatasi zatoka Baraza la Mitihani, askari yupo mlangoni, watoto wana nambari zao. Karatasi ni tano: Hisabati, Kiingereza, Kiswahili (au Lugha ya Ishara kwa wasiosikia), Sayansi, na ile ya Sanaa pamoja na Masomo ya Jamii. Mzazi aonaye haya asema, "KCPE imerudi kwa jina jingine," akaanza kuuza mbuzi alipie masomo ya likizo.

Haikurudi. KPSEA haimchagulii mtoto shule yo yote. Aliyepata EE na aliyepata BE wote wawili wataingia gredi ya saba Januari, na mara nyingi katika ua ule ule wa shule waliyotoka, maana tangu 2023 madarasa ya sekondari msingi yamewekwa katika shule za msingi. Hakuna barua ya kuitwa. Hakuna wa kubebwa mabegani. Tena, kwa jinsi Baraza la Mitihani lilivyopanga, katika kila alama 100 za mtoto wa gredi ya sita, alama 40 tu zatoka katika karatasi za siku zile tatu. Alama 60 zatoka katika kazi alizofanya darasani mwake mwenyewe: 20 za gredi ya nne, 20 za gredi ya tano, 20 za gredi ya sita.

Hapa namwomba mzazi asimame kidogo atazame hesabu hii. Mtihani umehama. Umetoka katika chumba chenye askari, umeingia katika darasa la kila siku, Jumanne ya kawaida mwezi wa Juni, mtoto wako alipokuwa na miaka kumi nawe ulikuwa shambani. Ulipokuwa ukiungoja uje, ulikuwa umekwisha kupita nusu yake na zaidi. Yule rafiki yangu mwenye malaria, kama angalisoma leo, homa ya siku moja isingaliweza kuifuta kazi yake ya miaka mitatu. Lakini mtoto anayekosa shule kila siku ya soko, au anayeachwa nyumbani kulinda nyani wasile mahindi, huyo hawezi tena kuokolewa na mwezi mmoja wa kukesha na kitabu kabla ya mtihani. Hili latakiwa kusemwa katika kila baraza la chifu, nami sijalisikia likisemwa hata mara moja.

Wala asije mtu akasema, "Kama haichagui shule, basi si kitu." Hilo ni kosa la upande wa pili, na watu wa mjini ndio walifanyao zaidi. Mtoto akifika gredi ya tisa hufanya tathmini nyingine, KJSEA, iliyofanywa mara ya kwanza 2025. Na hiyo ndiyo impelekayo gredi ya kumi katika sekondari ya juu, kama walivyoingia wale wa kwanza Januari 2026. Katika alama za kumpeleka huko, 60 zatoka katika KJSEA yenyewe, 20 katika kazi za gredi ya saba na ya nane, na 20 zimewekwa akiba tangu gredi ya sita. Kwa hiyo alama za mtoto wa miaka kumi na miwili zaenda zikimfuata miaka mitatu, nazo zamkuta mlangoni. Si za kumwulia mbuzi, wala si za kupuuzwa. Na kule gredi ya tisa herufi zenyewe zimegawanyika tena, kila moja mara mbili, zikawa nane, toka EE1 hata BE2. Basi mzazi aliyeshindwa kuzifahamu nne atafanya nini na nane?

Sasa nawageukia wazazi wenyewe, kwa maana sitaki wadhani kwamba nimekuja kuwatetea tu. Neno la kwanza mzazi aniulizalo mlangoni mwa darasa ni hili: "Amekuwa nambari ngapi?" Nikimwambia kwamba hatupangi nambari, hunitazama kama mtu anayemficha deni. Atakwenda kwa mwalimu mwingine, au atamhamisha mtoto kumpeleka shule ya kulipia ambako nambari zingaliko. Nasi tukiogopa kupoteza watoto tunafanya nini? Tunanunua mitihani. Wachuuzi huja kila muhula na karatasi zilizokwisha kuchapwa, wazazi wakachanga, watoto wakaandika, sisi tukajumlisha alama 500 zisizokuwako tena katika serikali, tukapanga orodha toka wa kwanza hata wa arobaini na saba, tukaibandika ukutani. Mimi mwenyewe nimeibandika. Mzazi hufurahi, mchuuzi hufurahi, mwalimu mkuu husema shule yetu ina bidii. Karatasi ile haiingii katika zile 60 wala katika zile 40. Tumemnunulia mzazi kile alichokiuliza kwa fedha yake mwenyewe, na siku mbili za kufundisha zimepotea.

Na masomo ya likizo yamekatazwa kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, wala si siri. Lakini nenda Aprili au Agosti ukasikilize nyuma ya madirisha yaliyofungwa.

Liko jambo jingine la wazazi, nalo huchekesha mpaka ulifikiri. Kazi za darasani hutaka mtoto atengeneze vitu: afume kikapu, apande mboga katika mfuko, achore, atengeneze mfano wa nyumba au kifaa cha kupimia mvua. Mwaka jana naliletewa kiti kidogo cha kukunja, kimepigwa randa na vanishi, misumari imezama sawasawa. Nalimwuliza mwanafunzi alikataje mbao ile. Akaniambia, "Fundi alikata, mwalimu, mimi nilishika." Katika darasa lile lile kulikuwa na mtoto aliyeleta kigari cha waya kilichopinda, gurudumu moja kubwa kuliko jingine, naye aliweza kunieleza kila waya aliutoa wapi na kwa nini gurudumu la kwanza lilivunjika. Nalimpa huyu wa pili alama ya juu. Baba wa mwenye kiti alikuja shuleni kunigombeza. Alisema ametumia fedha. Nami nikamwambia kwamba kama ni hivyo, alama ni za fundi, nami sina jina la fundi katika daftari langu.

Lakini si wazazi peke yao. Nimesema kwamba alama 60 zimetiwa mikononi mwa mwalimu, na mkono wa mwalimu ni mkono wa mwanadamu. Baraza la Mitihani huziweka kazi katika mtandao, shule huzitoa na kuzichapa, mwalimu husahihisha na kurudisha alama kwa njia ile ile. Hivyo ndivyo ipasavyo kuwa. Lakini ziko siku umeme umekatika, ziko siku fedha ya kuchapa haipo, na yuko mwalimu mwenye watoto themanini katika chumba kimoja, ambaye siku ya mwisho ya kurudisha alama ikimkuta hajapima kitu, hukaa usiku akaandika nambari kutoka kichwani. Wako na waandikao juu ili shule isiaibike. Nalisikia mmoja akisema, "Kwani nani ataangalia?" Swali lake ni la haki, na jibu lake ndilo linaloniogopesha: hakuna atakayeangalia, kwa sababu mtu pekee mwenye haja ya kuangalia ni mzazi, naye mzazi anangoja siku tatu za Oktoba au Novemba.

Wako watakaonijibu hivi: "Mwalimu, wewe unasifu jambo linalomwumiza maskini. KCPE ilikuwa kali, lakini ilikuwa haina macho. Mtoto wa mchunga ng'ombe alikuwa nambari tu, karatasi yake ilisahihishwa na mashine isiyomjua babaye, naye akipata alama mia nne na kitu hakuna mkubwa aliyeweza kumzuia asiende shule ya kitaifa. Leo alama zimetiwa kwa mwalimu, na mwalimu anamjua mtoto wa mwenyekiti, na mtoto wa mwenye duka anayemkopesha sukari."

Neno hili ni zito, nami sitalipita kwa haraka kama wafanyavyo wale watuleteao semina. Ni kweli. Mimi mwenyewe nimefika hapa kwa tundu lile la chekeche, na hapana mtu wa kwetu aliyekuwa na jina la kunisaidia. Kama ningalipimwa na mwalimu wangu wa darasa la sita, ambaye alikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba na baba yangu, sijui ningalikuwa wapi leo. Atakayesema kwamba hatari hii haipo, hajakaa kijijini.

Lakini natazama pande mbili. Kwanza, mashine ile isiyokuwa na macho haikuona pia kwamba mtoto wa mchunga ng'ombe hakuwa na kitabu, wala taa, wala mwalimu wa Hisabati tangu Machi hata Septemba. Ilimpima sawasawa na mtoto wa Nairobi mwenye mwalimu wa nyumbani, ikaita hiyo haki. Kwa mmoja aliyepita kama mimi walibaki wengi, na hao wengi hawaandiki katika magazeti. Pili, karatasi ya taifa haikuondolewa. Iko gredi ya sita kwa alama 40, na katika gredi ya tisa alama 60 zatoka kwa msahihishaji asiyemjua mtoto. Kilichoongezwa ni macho ya mwalimu, na dawa ya macho ya mwalimu ni macho ya mzazi. Hesabu hiyo ingalifaa kabisa, kama mzazi angalipewa macho.

Ndipo hapa ninapowashitaki wakubwa wetu wa elimu. Sisemi kwamba mtaala ni mbaya. Nasema kwamba mtihani wa watoto wa nchi nzima ulibadilishwa, wazazi wakaletewa herufi. Mtaala wa umilisi ulianza nchini kote 2019. Wamekuwa na miaka ya kutosha kumweleza mama auzaye mboga pale Voi maana ya herufi nne. Na ajabu kubwa kuliko zote ni hii: maneno ya Kiswahili yako tayari! Mwalimu ye yote wa Kiswahili akifungua muundo wa mtaala wa somo lake atayakuta yamechapwa humo katika jedwali la tathmini: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, mbali na matarajio. Ni maneno mazuri, yaliyo wazi, hata babu asiyesoma akisomewa huyafahamu. Maneno haya tumeyaweka katika kitabu asichokifungua mtu ila mwalimu, ambaye hayahitaji. Na karatasi iendayo kwa mzazi, ambaye ndiye ayahitajiye, tumeiandika kwa vifupisho vya lugha asiyoisema. Nani alikaa akafikiri hivyo? Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi kwa Katiba ya 2010. Je, ripoti ya mtoto si jambo rasmi?

Wengine watasema kwamba kazi hiyo ni ya wizara, sisi walimu wadogo hatuna kalamu ya kubadili ripoti. Nami nalisema hivyo kwa miaka mitatu. Siku naliyotoka kwa yule babu, chai yake ikiwa bado moto tumboni mwangu, naliona kwamba herufi zile ziliandikwa na mkono wangu, si na mkono wa waziri. Upande wa nyuma wa ripoti ni mweupe. Hakuna sheria inayokataza mwalimu kuandika nyuma yake.

Muhula uliofuata nalifanya hivyo. Kwa kila mtoto naliandika nyuma, kwa kalamu ya wino, yale maneno manne ya Kiswahili na kuyapiga mstari yaliyomhusu. Na chini yake sentensi mbili tu: moja ya jambo ambalo mtoto ameliweza, na moja ya jambo ambalo hajaliweza bado. Watoto arobaini na saba walinichukua jioni nne. Kwa wazazi wachache nalitia na neno la Kidawida. Mwalimu mmoja mwenzangu alinicheka akasema natafuta kupandishwa cheo. Wa pili alikuja usiku kuazima daftari langu aone nalivyoandika.

Baba wa msichana alipokea ripoti ile mkutanoni, akaigeuza, akasoma nyuma kwanza. Hakusema neno. Alimwita binti yake, akamwekea mkono kichwani mbele ya watu, naye kwa mila yetu si mtu wa kufanya hivyo.

Kwa babu nalikwenda mwenyewe. Nalimsomea: "Anakaribia matarajio." Akanyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo zile A si A?" Nikamwambia, "Si A, babu. Nalipaswa kukuambia siku ile, nikaona haya." Nalingoja akasirike, nayo ingalikuwa haki yake. Aliinuka, akaleta kigoda akakaa karibu, akasema, "Aliyekaribia ameona mji. Sasa nionyeshe palipobaki." Nikafungua daftari la Hisabati la mjukuu wake, tukaona kwamba kila hesabu ya kugawanya yenye baki ameikosa, na kila isiyo na baki ameipata. Mzee hakusoma zaidi ya darasa la tatu, lakini amegawa maembe maisha yake yote. Alimwita mtoto, akamwaga maembe kumi na saba juu ya mkeka, akamwambia ayagawie watu watano, kisha amwambie yaliyobaki ni ya nani.

Nawaacha hapo, maana mpaka jua lilipokuchwa walikuwa wangali wakibishana. Muhula huu ripoti zitatoka wiki ya mwisho kabla ya kufunga. Mwalimu anayetaka kujua nilivyoandika nyuma, na aniandikie kwa anwani ya gazeti hili. Na mzazi atakayepata karatasi yenye herufi tupu, na airudishe shuleni siku ile ile aulize.